Kikohozi Chini ya Sakafu

Siku niliyokabidhi funguo za ofisi, vijana wa kitengo chetu cha ukaguzi wa migodi Arua waliniuliza kazi hii inafundishwaje, maana waliyosoma chuoni hayafanani na wanayoyakuta Koboko. Nikawaambia nitaandika. Vyeo sitavitaja, vingine vilikuja, vingine vilipita nyumba ya jirani. Nitaandika nilivyoanza, kisha kesi moja iliyonikaa kifuani kuliko zote.

Mimi ni Mnubi wa Arua, huku kaskazini-magharibi mwa Uganda, mtoto wa mwanajeshi. Baba alinipeleka Tanzania kusomea madini, ndiyo maana Kiswahili ninachoandika si kile cha sokoni kwetu. Niliporudi niliajiriwa kuwa mkaguzi wa migodi, nikawekwa chini ya Mzee Adriko, Mlugbara mrefu asiyependa kukaa kwenye kiti. Siku yangu ya kwanza hakunionyesha meza. Alinipa nyundo, kamba na sahani ya bati.

"Nyundo ni ya mawe," alisema. "Kamba ni ya kukuvuta ukitumbukia. Sahani utaijua mbele ya safari."

Siku hiyo hiyo tulikwenda Midia kukagua mgodi wa dhahabu wenye kibali halali. Kwa maelezo ya wenyewe, ulikuwa unatoa dhahabu mwezi hadi mwezi. Tulikuta kibanda, karai zimepangwa, chekeche zimetundikwa ukutani, na buti za mpira zimesimama mlangoni kwa mstari kama za watu wanaoswali ndani. Ndani hapakuwa na mtu. Majani yalikuwa yameota mpaka ukingoni mwa shimo, na hakuna hata unyasi uliokanyagwa. Niliinua buti moja. Ndani buibui alikuwa amejenga. Lakini juu ya mafiga palikuwa na birika la chai, na birika lilikuwa la moto.

Mzee Adriko alitafuta kikombe, akajimiminia, akanywa.

"Dhahabu inatoka ng'ambo ya mpaka," alisema. "Inapitishwa hapa ili ipate mahali pa kuzaliwa. Huu mgodi hauchimbi chochote. Aliyechemsha chai alipigiwa simu kwamba tunakuja, akakimbia."

"Nani alimpigia?"

"Nani alijua kwamba tunakuja?"

Ofisi yetu tu ndiyo iliyojua. Tulirudi Arua, na toka siku hiyo nilijifunza kutosema ninakokwenda mpaka nimefika.

Habari ya sahani ni rahisi. Unaijaza maji, unaiweka sakafuni, unakaa pembeni. Kama hakuna gari linalopita na maji yanacheza, basi chini kuna watu kazini. Mzee Adriko alinifundisha hilo kabla hajastaafu. Sasa ni marehemu, Mungu amrehemu. Sahani yake ninayo mpaka leo, na mume wangu amekatazwa kuitumia kulia chakula.

Miaka mingi baadaye, wakati wa kiangazi, mama mmoja Mkakwa aliingia ofisini amejifunga kitenge kipya, kama mtu anayekwenda kanisani. Aliitwa Mama Keji, mjane wa askari, kutoka Ludara. Alikataa kiti mpaka nilipokaa mimi.

"Binti yangu," alisema, "chini ya kitanda yangu iko watu."

"Watu gani, mama?"

"Sijui. Wanapiga sururu. Moja anakohoa."

Karani wetu alicheka. Mama Keji alimgeukia bila hasira. "Cheka tu, mwanangu. Pasta pia alicheka kwanza."

Akanieleza. Mume wake alikufa vitani na maiti yake haikurudi. Sauti zilipoanza chini ya nyumba, majirani walisema mzee amepata njia ya kurudi kwake kupitia udongoni. Pasta alikuja kuomba. Majirani Waislamu wakamletea sheikh, naye akasoma.

"Walipomaliza wote wawili, akakohoa tena," alisema Mama Keji. "Mume yangu hakuwa na ugonjwa ya kifua. Ule si yeye. Mimi najua."

"Unawasikia saa ngapi?"

"Mchana tu. Jua ikizama wananyamaza."

Hapo nilichukua mfuko wangu. Sijawahi kusikia mzimu unaofanya kazi kwa zamu.

Nyumba yake ilikuwa ya matofali ya kuchoma, ndogo na safi, yenye sakafu ya saruji iliyopasuka ufa mmoja mwembamba chini ya kitanda. Tulisogeza kitanda, nikaweka sahani. Maji yalitetemeka papo hapo. Lakini hilo halikuwa ushahidi, maana upande wa pili wa ukuta mrefu, kwenye kiwanja cha jirani, mashine ya kusaga ilikuwa inanguruma na kutikisa hata madirisha. Tulikaa sakafuni tukingoja. Ilipofika alasiri mashine ikazimwa, nadhani waongeze dizeli.

Kimya kiliingia chumbani. Maji kwenye sahani hayakutulia. Vilikuja viduara vidogo, kimoja baada ya kingine, taratibu. Nililala kifudifudi na kuweka sikio kwenye saruji. Chini kabisa palikuwa na mtu anagonga udongo, anapumzika, anagonga. Kisha akakohoa, kikohozi kikavu cha kutoka mbali, kama mtu anayekwangua chungu. Halafu akasema maneno mawili matatu ambayo sikuyaelewa.

"Anasema nini?"

"Anaomba maji," alisema Mama Keji. "Kila siku anaomba wenzake maji. Mara moja nilimwagia kidogo pale kwa ufa. Alinyamaza kabisa. Halafu akasema asante."

Aliniambia hivyo kwa sauti ya kawaida, kama anayesimulia habari za mpangaji.

Mwenye kiwanja cha jirani watu walimwita Kapteni, ingawa jeshini hakufika mbali hivyo. Sasa alikuwa mfanyabiashara, rafiki wa kila ofisi. Nilizunguka ukuta wake nikasimama karibu na lango. Mashine iliwashwa tena na kunguruma, lakini katika muda wote niliosimama sikuona mtu hata mmoja akiingia na gunia la mahindi wala akitoka na unga. Kilichotoka ni lori lililofunikwa turubai, matairi yamelala kwa uzito. Mlinzi alisema wamebeba udongo wa barabara.

"Barabara gani?"

Kabla hajajibu, simu yangu ikalia. Alikuwa mkuu wetu wa ofisi, kule Arua.

"Mastura, rudi," alisema. "Kibali cha pale ni cha mashine ya kusaga. Sisi hatukagui unga."

"Bosi, sijamwambia mtu kwamba niko hapa."

"Rudi," akasema tena, akakata.

Nilirudi, nikaandika taarifa. Taarifa ikapotea. Nikaandika nyingine, nikaipeleka mwenyewe kwa watu wa kupambana na rushwa kule Kampala. Wakaipokea vizuri, wakaniambia nisubiri. Ninyi vijana mtalisikia sana neno hilo. Linasemwa na watu wema na watu wabaya, na sauti ni ile ile.

Nikiwa bado nasubiri, kaka yangu Juma alinipigia Ijumaa baada ya swala.

"Dada, asante kwa kaburi la baba. Ungeniambia tu, hata mimi ningechangia."

"Kaburi gani?"

Tulikutana makaburini. Baba yetu alizikwa kama Waislamu wengine, udongo na jiwe kichwani. Sasa juu yake palikuwa na jengo la vigae vyeupe, vya kung'aa, vya aina inayowekwa kwenye mabafu ya hoteli. Jina lake lilichongwa bila kosa. Chini ya jina kulikuwa na jina la utani ambalo mama alikuwa akimwita jikoni, wakiwa peke yao. Sisi watoto tulilijua kwa kusikiliza mlangoni. Mama naye alikuwa ameshakufa.

Simu ililia jioni hiyo. Sikuwahi kumpa Kapteni namba yangu.

"Dada yangu," alisema, mpole sana, "sasa mzee wetu amelala mahali safi. Sikuombi kitu."

"Lile jina umelipata wapi?"

"Watu wanaongea, dada. Mtu akitaka kujua nyumba, anaijua."

Nimewahi kuletewa mbuzi, nikawarudisha. Nimewahi kuletewa mabati, nikayarudisha na lori lililoyaleta. Zawadi hii ilikuwa imewekwa juu ya kifua cha baba yangu. Juma alinisihi niiache. Alisema wafu hawana kosa, na kwamba watu mjini wameshaanza kutusifu. Nikamwambia nikipita pale kila Ijumaa nikaviona vile vigae, siku moja nitavizoea, na siku hiyo Kapteni atakuwa ameninunua bila mimi kusema ndiyo.

Nilimchukua fundi, tukavunja. Juma alisimama pembeni akilia na hakusema nami kwa muda mrefu baada ya hapo. Niliondoa hata saruji, nikarudisha udongo kwa mikono yangu. Vigae na vipande vyake nilivipakia kwenye pikapu, nikavipeleka Ludara siku ya soko, nikavishusha mbele ya lango la Kapteni watu wakitazama. Hakuna aliyeuliza kitu. Hakuna aliyevigusa pia, wala wa ndani ya lango wala wa nje. Vilikaa pale juani, vyeupe, na wapita njia wakawa wanavipitia mbali.

Mvua zilipoanza, nilikuwa Koboko mjini kwa kazi nyingine. Mama Keji alipiga simu, na nyuma yake nilisikia ile mashine.

"Binti yangu, leo hawapigi sururu," alisema. "Wanapiga jiwe kwa jiwe. Wananyamaza. Halafu wanapiga tena."

Nilifika matope yakinifika magotini. Nyuma ya ukuta wa Kapteni udongo ulikuwa umebonyea kama godoro lililokaliwa. Mashine ilikuwa inanguruma kwa nguvu zote, na mlinzi alisimama langoni na mwavuli.

"Wangapi wako chini?" nilimuuliza.

"Hapana mutu chini, mama. Chini iko udongo tu."

Nilimpigia bosi. Alisema tusubiri barua ya wilaya. Niliwapigia polisi. Walisema wanahitaji neno la ofisi yangu. Nikawaambia ofisi ni mimi, nimesimama kwenye mvua. Wakasema watakuja.

Mwenyekiti wa kijiji, Wani, mkulima mkimya mwenye mabega mapana, alikuwa amefika na watu kadhaa. Wengine walikaa mbali, chini ya michirizi ya paa, kwa sababu bado waliamini nyumba ile ina mume aliyekufa.

"Tukipitia kwa Kapteni tutagombana mpaka kesho," nilimwambia Wani. "Njia fupi ni chumbani kwa mama."

Wani alimtazama Mama Keji. "Mama, nyumba itaharibika."

"Nyumba iko yangu," alisema. "Vunja."

Lakini hatukujua tuvunje wapi, maana mashine ilimeza kila sauti. Wani aliondoka na vijana wawili, wakaruka ukuta. Sijui walifanya nini kule. Nilichosikia ni mkanda ukikatika, na mngurumo ukafa. Tukabaki tumesimama chumbani, mvua ikidondoka. Kisha, kutoka chini ya miguu yetu, tukasikia jiwe likigonga jiwe. Nyuma yangu mtu alianza kusali. Mwingine alitoka akikimbia.

Tulianzia kwenye ufa. Saruji ilikuwa nyembamba, na chini yake udongo ulikuwa mlaini kuliko nilivyotaka. Nilifunga kamba kiunoni mwa aliyekuwa akichimba, wengine wakaishika. Tulipofika kimo cha mtu, udongo uliporomoka wenyewe na mkono ukatokea, wa kijivu kama jivu la jikoni, vidole vimefunguka. Aliyekuwa na jembe alipanda juu kwa kamba haraka kuliko tulivyomvuta. Mama Keji ndiye aliyepiga magoti ukingoni, akainama, akaushika ule mkono.

"Iko na joto," akasema.

Tuliwatoa wanne. Walikuwa wa kijivu mwili mzima, hata kope, na walifumba macho kwa mwanga mdogo wa mlangoni. Wani aliwauliza kama wako wote.

"Sisi tu," alisema mmoja.

"Wote?"

"Wote."

Walikuwa wanaangalia ukuta. Mama Keji aliwapa maji, mmoja baada ya mwingine, na akamwinamia kila aliyekunywa, akisikiliza pumzi yake. Alipomaliza alisimama na kikombe mkononi.

"Ule wa kukohoa iko wapi?"

Wale wanne wakarudi kuangalia ukuta.

"Mimi nimeishi naye," alisema Mama Keji. "Hapana mutu hapa iko na kifua yake. Iko wapi?"

Mmoja wao alijifunika uso. "Kapteni alituambia," alisema, "mutu akibaki chini, hakuwepo."

Polisi walifika. Tulichimba mpaka giza, tukaendelea asubuhi. Tulimkuta hatua chache kutoka mahali tulipowatoa wenzake, amekaa, mgongo ukutani, maporomoko yamemfunika miguu tu. Hewa ndiyo iliyomwishia. Uso wake ulikuwa umeinuliwa juu, kuelekea upande wa ule ufa. Wenzake hawakujua jina lake. Walikuwa wametoka sehemu mbalimbali, wengine ng'ambo ya mpaka, na kila mmoja aliitwa jina alilopewa shimoni. Yeye walimwita Kiu, kwa sababu ya kuomba maji.

Tulimzika pembeni mwa kiwanja cha Mama Keji. Pasta aliomba, na sheikh alisimama naye mpaka mwisho, maana hatukujua ni wa nani kati yao.

Baada ya hapo watu wa Kampala walikuja, tena kwa haraka. Lori lile la turubai lilikuwa la shemeji wa bosi wetu. Bosi alikamatwa ofisini, na karani aliyemcheka Mama Keji ndiye aliyewafungulia kabati la bosi. Kapteni alishtakiwa kwa kuchimba dhahabu bila kibali, akatozwa faini, mashine ikafungwa. Kuhusu kifo, wakili wake alisimama na kusema ardhi ya Koboko ina mifupa mingi ya vita, na shahidi mkubwa ni mjane aliyezoea kusikia wafu. "Huyu marehemu ni nani?" aliuliza. "Nani anamtafuta?" Nilitazama chumba chote cha mahakama. Hakuna aliyesimama. Shtaka hilo likawekwa pembeni, na Kapteni akarudi kukaa barazani kwake.

Nilimtembelea Mama Keji tulipomaliza kujaza shimo na kumimina saruji mpya. Nilimuuliza kama sasa anapumzika.

"Iko kimya sana," alisema. "Nilizoea mutu."

Mwaka wangu wa mwisho kazini, mwanamke kutoka upande wa Sudan Kusini aliletwa ofisini na mwenyekiti Wani. Aliitwa Poni. Alikuwa amezunguka Koboko yote, Dranya, Midia, akiulizia mashine za kusaga.

"Namtafuta kaka yangu," alisema. "Alituma watu waseme amepata kazi nzuri Ludara. Anasaga unga."

Wani alinitazama. Mimi nilijikaza. "Alisema nini kingine?"

"Alisema kifua kinamsumbua, sababu ya vumbi ya unga." Alifikiri. "Na alisema kitu tulicheka nyumbani. Alisema juu ya kichwa yake anaishi mama mmoja, hajawahi kumwona, lakini anampa maji."

Nilifunga mlango wa ofisi, nikavuta kiti karibu naye, nikamwambia yote bila kuficha. Hakulia mbele yangu. Aliniuliza tu kama alizikwa na nguo. Nikamwambia ndiyo, Mama Keji alitoa shuka yake mpya.

Kesho yake tulikwenda kituo cha polisi Koboko: Poni, Mama Keji, Wani na mimi. Askari wa zamu alikuwa kijana ambaye hakuwepo wakati ule. Alitafuta faili, akapuliza vumbi, akafungua.

"Jina la marehemu?" aliuliza. "Hapa kumeachwa wazi."

Poni alisimama. Alitaja jina la kaka yake, la baba yake, la babu yake, na kijiji chao. Mama Keji, aliyekaa pembeni, aliyarudia yote kwa sauti ndogo, kama anayejifunza. Askari alimwomba Poni aende taratibu, kisha akamwomba arudie, naye akarudia.

Kesi imefunguliwa upya. Mimi nimeitwa kutoa ushahidi, na safari hii nitakwenda kama raia. Ninyi mnaobaki kazini, njooni mkae mahakamani, hata kama mkuu wenu atasema kuna shughuli. Wakili atauliza tena ni nani anayemtafuta Lado Kenyi. Poni amepanga chumba Koboko mpaka siku hiyo.